Kwa nini wakusanyaji hawaelewani kuhusu kisu kipya cha kukunja

Kisu cha kukunja cha mtindo wa kale kinapotolewa upya, wiki mbili za kwanza huwa na maneno mengi. Mmoja amekipokea asubuhi, na jioni anasema springi yake ni kali, karibu imng'oe ukucha. Mwingine ana kisu cha toleo hilohilo, namba ileile, naye anasifu jinsi kinavyofunguka bila kumsumbua. Wa tatu analalamika kwamba bapa limekaa upande; wa nne anamjibu kuwa ndivyo linavyopaswa kukaa. Mgeni aliyetaka kujua jambo moja tu, kama kisu hiki kinafaa kununuliwa, anaondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Nimekusanya visu hivi kwa muda mrefu, na naamini karibu wote hao husema kweli. Kisu cha aina hii, hata kikitengenezwa kwa mamia, humaliziwa kwa mkono, kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo anayekitolea maoni huwa anasema mambo mawili kwa pumzi moja. Kuna umbo ambalo kampuni imelibuni au kulifufua, ambalo ni moja kwa wote. Kisha kuna kipande alichopata yeye, ambacho hakuna mwingine anacho. Juu ya hayo humwaga mapenzi yake. Nitajaribu kuyachambua hayo, na njia ya kuyachambua inapita ndani ya kisu chenyewe.

Tunazungumzia kisu kisicho na kufuli. Bapa limeshikwa na pini kwenye ncha ya mpini, na mgongoni mwa mpini kuna springi, ufito wa chuma unaopinda kidogo tu. Sehemu nene ya bapa inayobaki mpinini, isiyo na makali, nitaiita kisigino. Springi hukikandamiza kisigino hicho, na mkandamizo huo peke yake ndio unaolishika bapa likiwa wazi na kulizuia lisifunguke mfukoni. Hakuna kitufe wala komeo. Ukilisukuma bapa kwa mgongo wake, kwa nguvu ya kutosha, litajifunga, na kidole kikiwa njiani kitakatwa. Anayekijua kisu hiki hukitumia kwa kukata, wala hachomi nacho.

Ufundi wenyewe ni wa siku nyingi. Sheffield, Uingereza, chama cha mafundi wa visu kiitwacho Company of Cutlers in Hallamshire kiliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na huko ndiko mafundi walikoandikisha alama zao. Solingen, Ujerumani, jina la mji limelindwa kisheria tangu 1938, na mtengenezaji wa mji mwingine hawezi kulipiga muhuri kwenye bapa lake. Marekani nayo ina watu wake: W. R. Case & Sons, walioanza 1889 na ambao kwa muda mrefu wamekuwa Bradford, Pennsylvania, na Great Eastern Cutlery, waliofungua kiwanda Titusville, katika jimbo hilohilo, mwaka 2006, wakaamua kutengeneza visu kama vilivyotengenezwa miaka mia moja kabla yao. Wapo pia wanaopenda kisu hiki kwa sababu ya sheria. Uingereza, sheria ya mwaka 1988 inamruhusu mtu kubeba hadharani, bila kutoa sababu, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, mradi kisiwe na kufuli. Kwa hiyo kitu ambacho kwingine huonekana ni udhaifu, kule ndicho kinachokipa kisu ruhusa ya kuingia mfukoni.

Sasa tuingie penye kazi.

Kisigino kina nyuso zinazokutana na springi. Bapa likiwa limefungwa, springi hulalia uso mmoja. Likiwa wazi, hulalia uso mwingine. Katika visu vingi kuna na uso wa katikati: bapa likifika digrii 90, likiwa limesimama wima juu ya mpini, springi huukuta uso huo na bapa hutulia hapo. Ukilisukuma litoke uso mmoja liende mwingine, kona ya kisigino huinyanyua springi, na kona ikishapita, springi hushuka kwa kishindo. Kufungua kisu hiki ni kuvuka vilima viwili vidogo vya chuma.

Fundi anatafuta usawa wa aina moja: umbali kutoka katikati ya tundu la pini hadi kila uso ulingane. Ukilingana, springi hubaki kwenye kimo kilekile katika vituo vyote vitatu, na ukipitisha kidole mgongoni mwa kisu hukwami popote, kiwe kimefungwa, kiwe nusu, kiwe wazi. Uso mmoja ukipigwa tupa kuzidi wenzake, hata kwa sehemu ya kumi ya milimita, springi huzama bapa linapofika kwenye uso huo. Ukiachwa mnene, springi huchomoza. Na chuma kikishaondolewa hakirudi. Fundi aliyezidisha upande mmoja inambidi azipunguze nyuso nyingine zote zimfuate, kisha asage springi na mabamba, yaani vile vipande vyembamba vya metali vya pembeni mwa mpini, upya, au akubali.

Mtu atauliza kwa nini mashine isimalize yote. Mashine hukata visigino mia vinavyofanana kabisa. Lakini baada ya hapo bapa hupashwa moto mkali na kuzimwa ghafla ili liwe gumu, na katika moto huo chuma hujipinda kidogo na vipimo vyake husogea. Springi nayo hupitia moto wake. Kisha kuna tundu, pini, mabamba ya pembeni, na mkono wa mtu anayeusaga mgongo mzima uwe kitu kimoja. Kila hatua huongeza kosa lake dogo. Ndiyo maana visu viwili vya toleo moja, vilivyotoka siku moja, vinaweza kuwa kimoja cha kuonyesha na kingine cha kawaida, na wenye navyo wakabishana kama waliona vitu viwili tofauti. Ni kweli waliona vitu viwili tofauti.

Niliwahi kupokea kisu cha bapa moja kutoka kampuni ambayo sitaitaja. Nilikiinua kwenye mwanga wa dirisha, mgongo ukinielekea. Kikiwa kimefungwa, springi ililingana na mabamba vizuri, ukucha wangu ukapita juu yake bila kuhisi mstari. Nikalileta bapa nusu, bado sawa. Nikalifungua lote, na springi ikazama, kina cha karatasi mbili hivi, nikaona kivuli chembamba chenye urefu wa nusu kidole. Kisha nikatazama kati ya springi na bamba la kushoto, nikaona uzi wa mwanga umepenya karibu na pini ya katikati. Hilo la pili liliniuma zaidi. Springi iliyozama ni suala la kipimo cha kisigino. Mwanya unaopitisha mwanga unaniambia kwamba vipande havikubanwa vizuri siku ya kupigwa pini, na humo ndimo vumbi na unyevu vitakapokaa.

Je, kisu hicho kilikata vibaya kwa sababu hiyo? Hapana, hata kidogo. Hili husemwa na wanaowaona wakusanyaji kuwa watu wa kutafuta dosari, na wana haki ya kulisema. Lakini anayekusanya visu anakusanya kazi ya mikono, na mgongo wa kisu ndipo mahali ambapo mkono hauwezi kujificha. Marehemu Stan Shaw wa Sheffield, aliyeingia kwenye ufundi huu akiwa kijana wa miaka 14 na akafariki 2021, alitengeneza visu vyenye mabapa mengi, na kila bapa lilikuwa na springi iliyolala sawa na mgongo. Ukishakishika kisu cha namna hiyo, jicho halisahau.

Mafundi wa zamani wana msemo kwamba kisu kizuri sharti kitembee na kiseme. Kutembea ni ule mwendo wa bapa kuvuka vilima vyake bila kukwaruza wala kusita. Kusema ni mlio: tak, bapa linapofika mwisho. Wageni hudhani mlio mkubwa ni dalili ya springi yenye nguvu. Kwa sehemu ni hivyo, lakini unategemea zaidi jinsi kona ya kisigino ilivyo kali: springi ikianguka ghafla inalia, ikiteremka polepole juu ya kona iliyoviringwa inanyamaza hata kama ni kali. Mpini nao unachangia. Kisu chepesi chenye mabamba membamba na mfupa hulia kwa sauti ya juu, na kile kizito kilichojaa shaba hulia kwa sauti nene, ya chini.

Nguvu ya kufungua ndiyo inayozusha ubishi mwingi kuliko yote. Wakusanyaji huipa namba kuanzia 1 hadi 10. Kisu cha 3 kinafunguka kwa kubanwa na ncha za vidole, cha 5 au 6 ndicho wengi wanachokitaka, cha 8 kinadai ukucha mzima na nia, na cha 10 kinatafutiwa kifaa cha kukikwangua. Namba hizo hazina mizani. Aliye na kucha fupi na vidole vyenye mafuta atasema 8 pale ambapo seremala mwenye kucha ngumu anasema 5. Tena umbo lenyewe linadanganya: ule mfuo wa ukucha uliochimbwa kwenye bapa ukiwa karibu na pini, mkono wa nguvu unakuwa mfupi, na springi ileile inahisiwa kuwa nzito maradufu. Ndiyo maana visu vidogo hulaumiwa kwa ukali ambao springi zao hazina. Ukisoma kwamba kisu kipya ni cha 8, angalia kwanza bapa lina urefu gani na mfuo uko wapi, ndipo uiamini namba.

Kile kituo cha katikati pia kina vyama viwili. Wanaokipenda husema kinawapa nafasi ya kuhamisha vidole bapa linapofungwa: unalileta hadi nusu, linasimama, unaondoa vidole njiani, unamalizia kwa kiganja. Wasiokipenda husema bapa likitoka nusu huruka, na kwamba kisigino kilichoviringwa, kinachotiririka kutoka mwanzo hadi mwisho, ni salama zaidi na kitamu zaidi mkononi. Mimi napenda kituo. Lakini naomba msomaji atambue kwamba hapa hatuzungumzii ubora. Kituo kimechorwa kwenye umbo, vipande vyote vya toleo vinacho au vyote havina, na anayekishusha kisu alama kwa sababu hiyo anatuambia habari zake mwenyewe.

Kuna malalamiko mengine yanayosikika makubwa kuliko yalivyo. Mojawapo ni makali kugonga springi. Bapa linapolala ndani ya mpini, makali yake yanaelekea kwenye tumbo la springi, na kinachozuia yasiiguse ni kijinundu kidogo chini ya kisigino, mbele ya mahali makali yanapoanzia. Kijinundu kikiwa kifupi, makali hukaa juu ya springi na kila ukifunga yanajibonyeza. Utaona alama ndogo inayong'aa kwenye makali, mahali pamoja, na pale kisu hakikati.

Namna ya kupima ni rahisi. Kata ukanda mwembamba wa karatasi, uulaze kwenye mfereji wa mpini, shusha bapa polepole hadi litulie, kisha lifungue uangalie. Karatasi ikiwa nzima, kijinundu kinafanya kazi. Rudia, sasa ukiliachia bapa lidondoke kwa nguvu zote za springi. Mara nyingi safari hii karatasi inatoka na mkato. Huo ni ugonjwa mwingine: bapa likija kwa kasi, kijinundu kinaigonga springi, springi inapinda kwa kufumba na kufumbua, na makali yanalifikia lile tumbo lake. Visu vingi vizuri hufanya hivyo, na dawa ni kulisindikiza bapa kwa vidole badala ya kuliachia. Hata ule mgongano wa kwanza, ukiwa mdogo, huisha wenyewe, kwa sababu kila ukinoa unapunguza makali na kuyasogeza mbali na springi. Baada ya kunoa mara mbili tatu, nafasi inapatikana. Anayeandika siku ya kwanza kwamba makali yanagonga hajakosea; ila ni vizuri kumuuliza alifunga vipi.

La pili ni bapa lililokaa upande. Kwenye kisu cha bapa moja, bapa linapaswa kulala katikati ya mfereji, na likigusa bamba ni kosa. Lakini chukua kisu cha mabapa matatu cha umbo liitwalo stockman, ambalo wafugaji wa Marekani walilipenda: bapa refu lenye ncha iliyokatwa kwa mkunjo, bapa lenye makali yaliyonyooka na ncha butu, na bapa fupi lenye ncha ya mviringo lililotengenezwa kwa ajili ya kuhasi mifugo. Kwa kawaida mabapa hayo matatu hutumia springi mbili. Mabapa mawili yanayotoka ncha mbili za mpini na kutumia springi moja lazima yakutane katikati yanapolala. Ili yapishane, fundi huyapinda kidogo karibu na kisigino, moja kulia, jingine kushoto. Ukilifungua bapa la namna hiyo na kulitazama kutoka juu, utaona halikunyooka. Mtu aliyezoea visu vya kisasa vya bapa moja huona kasoro, hupiga picha, hulalamika. Aliyezoea visu hivi huona mpindo uliofanywa kwa kipimo, mabapa yakipita kando ya mwenzake bila kukwaruzana, naye hufurahi. Picha ni moja. Kipimo cha kweli hapa ni mikwaruzo: baada ya kufungua na kufunga mara ishirini, je, bapa moja limemchora mwenzake? Kama halikumchora, fundi alijua anachofanya.

Mpini ndio unaoonekana kwanza na ndio unaosemwa kwa mapenzi zaidi. Mfupa wa ng'ombe uliochimbwa vijishimo na kutiwa rangi, pembe za aina za kulungu zenye magamba ya asili, mbao ngumu, na miongoni mwa vitu vya viwandani, maikata, yaani kitambaa au karatasi iliyogandishwa kwa utomvu wa kemikali. Mfupa haunywi rangi kwa usawa, kwa hiyo hakuna mipini miwili inayofanana, na anayelalamika kwamba chake ni cheusi kuliko picha ya tangazo analalamikia maumbile. Mfupa na mbao pia hupumua. Hewa ikikauka hunywea, na ule mstari kati ya mfupa na kile kifuniko cha metali kilicho kwenye ncha ya mpini, kiitwacho bolsta, hufunguka. Hapo vichwa vya pini huanza kuhisiwa kwa kidole. Kisu kilichotoka kiwandani kikiwa hakina mwanya kinaweza kufika kwa mnunuzi kikiwa na uzi wa mwanya, na kikaufunga tena msimu ukibadilika.

Neno moja kuhusu seluloidi, maana matoleo mapya hupenda kurudisha rangi zake za kung'aa. Seluloidi halisi hutokana na nitroselulosi na kafuri, na inapoanza kuoza hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma kilicho karibu. Wenye visu vya zamani vya seluloidi huvitenga na vingine, wala hawavifungii kwenye kisanduku kisichopitisha hewa. Kampuni nyingi siku hizi hutumia akriliki kupata sura hiyo. Mkusanyaji akikwambia mpini mpya unavutia kama wa babu yake, muulize umetengenezwa kwa kitu gani kabla hujauweka pamoja na wenzake.

Kuhusu chuma cha bapa wengi husema mengi, na mimi nitasema machache. Great Eastern Cutlery wamejijengea jina kwa chuma cha kaboni kiitwacho 1095, chenye kaboni karibu asilimia 0.95 na kisicho na kromi ya kukikinga na kutu. Kinanoleka kwa urahisi, kinashika makali membamba, na kinabadilika rangi: siku chache za kazi kinakuwa kijivu, kisha buluu na zambarau hafifu, na tabaka hilo jeusi husaidia kuizuia ile kutu nyekundu inayokula. Case hutoa chuma chao kisichoshika kutu na pia kile cha kromi na vanadi wanachokiita CV, ambacho, licha ya jina lake, kina kromi kidogo tu na kinashika kutu kama cha kaboni. Tofauti hizi zipo. Lakini katika kazi za kisu cha mfukoni, kufungua bahasha, kukata kamba, kuchonga kijiti, umbo la makali na unene wa bapa nyuma yake vina nguvu kuliko jina la chuma. Bapa nene la chuma cha kifahari halipiti mahali ambapo bapa jembamba la kawaida linapita. Na makali ya kiwandani hayatoshi kutolea hukumu: kampuni nyingi za visu hivi huacha makali ya pembe butu, kwa kuwa mnunuzi wake hutarajiwa kuwa na kinoo.

Linalobaki ni uaminifu kwa umbo la zamani, na hapa wakusanyaji huwa wakali kwa sababu wanaona urithi ukiguswa. Chukua Barlow, jina lenye asili ya Sheffield katika karne ya 17. Barlow hutambulika kwa bolsta ndefu inayofika karibu theluthi ya mpini, iliyowekwa ili kuipa nguvu sehemu inayobeba pini, na kwa mpini unaopanuka kama tone la maji. Kampuni ikitoa kisu chenye bolsta fupi na kukiita Barlow, atatokea mtu wa kusema kwamba hicho ni kisu kizuri chenye jina la wizi. Nadhani yuko sahihi. Jina la umbo ni ahadi kwa mnunuzi ambaye hajakishika kisu.

Namba na alama nazo ni sehemu ya lugha hii. Kwa Case, namba 6254 inasomeka hivi: 6 ni mpini wa mfupa, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo, nalo ni lile liitwalo Trapper. Kuanzia 1970 walipiga nukta kumi chini ya jina lao kwenye kisigino na kuondoa moja kila mwaka, hivyo kisu cha nukta saba ni cha 1973. Great Eastern huweka mwaka katika tarakimu mbili za mwisho za namba. Hili lina faida kwa msomaji wa maoni: umbo moja linaweza kutolewa mara kadhaa katika miaka tofauti, springi zikalegezwa au kukazwa baada ya malalamiko ya kwanza. Sifa za toleo la 2012 hazithibitishi chochote kuhusu la mwaka huu. Nimeona watu wakinunua kwa sifa za toleo lililopita, kisha wakamlaumu aliyesifu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona. Matoleo haya mara nyingi ni madogo na huisha mapema. Aliyekipata kisu baada ya kukesha ana sababu ya kukipenda, na kama ana viwili na anafikiria kuuza kimoja, ana sababu mbili. Aliyekikosa naye huona dosari kwenye picha kwa wepesi wa ajabu. Mwamba ngoma huvutia kwake. Sisemi watu hudanganya. Nasema mkono uliosubiri kwa miezi hushika kitu kwa namna yake. Maoni ninayoyaamini zaidi ni ya mtu anayekiri kwa kinywa chake alichokitarajia, kisha akaonyesha mgongo wa kisu katika vituo vyote vitatu, bila kuficha hata kimoja.

Na ninayaamini zaidi yakichelewa. Kisu kipya cha aina hii huja na vumbi la kusagia ndani ya maungio yake. Tone la kwanza la mafuta kwenye pini, ukifungua na kufunga mara kadhaa, hutoka jeusi kama wino. Unafuta, unarudia, hadi mafuta yatoke safi. Hapo kisigino na springi huanza kung'arishana vyenyewe, na mwendo hubadilika. Kisu kilichokwaruza siku ya kwanza huteleza, na kile cha 8 hushuka kikawa cha 7 au 6. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kisu chenyewe: mwanya ulioachwa kiwandani, uso uliozidishwa tupa, bapa linalotikisika kushoto na kulia kwa sababu pini haikubanwa. Hayo hayaponi kwa kutumiwa, na ndiyo ya kurudisha kwa mtengenezaji.

Kile kisu changu cha mwanga wa dirisha nilikiandikia maoni siku nilipokipokea, na yalikuwa makali. Niliorodhesha springi iliyozama, mwanya wa pini ya katikati, ukali wa 8, na makali yaliyogonga nilipoliachia bapa. Miezi mitatu baadaye niliyarudia maoni hayo nikiwa na kisu mkononi. Ukali ulikuwa umeshuka hadi 6. Makali hayakugonga tena, maana nilishayanoa mara tatu na karatasi ilitoka nzima hata nilipoachia kwa nguvu. Springi ilikuwa imezama vilevile, karatasi mbili. Mwanya ulikuwepo, na ndani yake palianza kuonekana kahawia. Nilifuta mistari miwili ya maoni yangu, nikaacha miwili, kisha nikakirudisha kisu kiwandani kwa ajili ya ile pini.